Daraja Lililoanzia Chini ya Mto: Ufundi na Historia ya Daraja la Eads mjini St. Louis

Kabla ya Julai 4, 1874, mkazi wa St. Louis, mji ulio katika jimbo la Missouri nchini Marekani, aliyetaka kuvuka Mto Mississippi alikuwa na njia moja tu: feri. Mto ukifurika, alisubiri. Barafu ikiziba mto wakati wa baridi kali, alisubiri. Mizigo iliyotoka mashariki kwa treni ilishushwa ukingoni, ikapakiwa kwenye feri, kisha ikashushwa tena ng'ambo. Kila hatua ilikuwa na malipo yake, na aliyelipa mwishowe ni mwananchi aliyenunua unga, makaa na nguo dukani.

Mkazi yeyote aliyewahi kukaa ukingoni akingoja maji ya mto wa msimu yapungue, huku mgonjwa au mazao yakiwa kwenye pikipiki, anaelewa hali hiyo bila kuelezwa. Ndiyo maana historia ya daraja lililojengwa mbali sana na hapa, zaidi ya miaka 150 iliyopita, ina mafunzo kwa wananchi wanaoshiriki katika mipango ya barabara na madaraja ya kaunti. Daraja hilo huitwa Daraja la Eads. Ni miongoni mwa madaraja makubwa ya kwanza duniani kutegemea chuma cha pua, na mpaka leo magari na treni zinapita juu yake.

Mji uliokuwa ukiachwa nyuma

Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Marekani kumalizika mwaka 1865, biashara ilianza kuhama kutoka mitoni kwenda kwenye reli. St. Louis ilikuwa imetajirika kwa meli za mvuke zilizopanda na kushuka Mto Mississippi. Mshindani wake, mji wa Chicago, ulikuwa umeegemea reli, na tayari daraja la reli lilikuwa limejengwa juu ya mto huohuo huko Rock Island mwaka 1856. Treni zilizopita kaskazini hazikuhitaji kusimama kungoja feri.

Viongozi na wafanyabiashara wa St. Louis waliona kwamba bila daraja, mji wao ungebaki kando ya njia. Lakini si wote waliolitaka. Kampuni ya feri ya Wiggins, iliyokuwa imeshika biashara ya kuvusha watu na mizigo hapo mjini, ilikuwa na faida kubwa ya kupoteza. Wenye meli za mvuke nao waliogopa nguzo zingeziba njia yao. Kwa sababu hiyo, sheria iliyopitishwa na Bunge la Marekani mwaka 1866 kuruhusu ujenzi iliweka masharti makali: nafasi kati ya nguzo iwe pana sana, na daraja liwe juu ya maji vya kutosha kupitisha meli. Wengi waliamini kuwa masharti hayo yangelifanya daraja lisiwezekane kabisa.

Mtu aliyeijua sakafu ya mto

Mwaka 1867 kazi ya mhandisi mkuu ilipewa James Buchanan Eads. Hakuwa amejenga daraja hata moja maishani mwake, wala hakuwa amesomea uhandisi chuoni. Alizaliwa mwaka 1820 katika jimbo la Indiana, akafika St. Louis akiwa na umri wa miaka 13. Meli iliyomleta pamoja na mama yake na dada zake iliungua ilipofika mjini, nao wakapoteza karibu kila kitu. Kijana huyo aliuza matunda barabarani, kisha akaajiriwa dukani. Mwenye duka alimruhusu kusoma vitabu vyake, na huko ndiko alikojifunza mambo ya mashine na hesabu.

Baadaye Eads alianza biashara ya kuokoa mizigo na injini za meli zilizozama. Alitumia kengele ya kuzamia, yaani chombo kizito kilicho wazi upande wa chini, ambacho hewa hupulizwa ndani ili mtu aweze kupumua akiwa chini ya maji. Kwa miaka mingi alitembea kwenye sakafu ya Mississippi katika giza, akipapasa kwa mikono na miguu.

Kazi hiyo ilimpa ujuzi ambao wahandisi wengi wa wakati wake hawakuwa nao. Aliona kwamba mafuriko yanapokuja, si maji tu yanayokimbia. Mchanga wa chini nao hutembea, tabaka kwa tabaka, na mahali palipokuwa na sakafu jana huwa na shimo leo. Nguzo iliyosimikwa juu ya mchanga, hata kama mchanga huo ni wa kina kirefu, siku moja ingebaki ikining'inia. Kwa hiyo Eads alishikilia sharti moja ambalo hakulilegeza mpaka mwisho: nguzo zote zifike kwenye mwamba.

Wataalamu wengine walipinga mpango wake hadharani, na mhandisi mmoja maarufu wa madaraja, J. H. Linville, alikataa kuunga mkono mchoro huo. Eads naye hakutegemea ujasiri peke yake. Aliwaajiri Henry Flad na Charles Pfeifer, wahandisi waliosomea kazi hiyo, na akamwomba William Chauvenet, mtaalamu wa hesabu na mkuu wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, akague hesabu zote.

Kwa nini tao?

Daraja la Eads lina matao matatu. Tao la katikati lina upana wa mita 158 hivi kutoka nguzo hadi nguzo, zaidi ya urefu wa uwanja mmoja na nusu wa mpira. Matao mawili ya kando yana mita 153 kila moja. Ghorofa ya juu ni ya barabara, na ya chini ni ya reli.

Namna tao linavyobeba mzigo ni rahisi kuonyesha nyumbani. Chukua ufito unaopindika, uupinde kama upinde, kisha ubane ncha zake mbili kati ya matofali mawili. Bonyeza katikati. Ufito hauvunjiki, badala yake unayasukuma matofali yaende nje. Ukiyashika matofali yasisogee, ufito unabeba uzito mkubwa kuliko ungebeba ukiwa umelala sawa. Tao hugeuza uzito unaoshuka kuwa msukumo unaopita ndani yake mpaka kwenye ncha.

Hapo ndipo faida na hatari ya tao inapokaa. Kama maegemeo ya pembeni ni imara, tao linadumu. Kama yakisogea, tao zima linapoteza nguvu. Ndiyo sababu uamuzi wa Eads wa kufika kwenye mwamba na uamuzi wake wa kutumia matao ulikuwa, kwa kweli, uamuzi mmoja.

Kushuka hadi kwenye mwamba

Swali lilikuwa: utajengaje nguzo ya mawe chini ya mto wenye kina na mkondo mkali, kisha chini ya mchanga wa mita nyingi? Eads alipata jibu akiwa safarini Ufaransa kwa matibabu. Katika mji wa Vichy aliona wahandisi wakitumia makasha yenye hewa ya shinikizo kujengea misingi ya daraja.

Kasha hilo ni chumba kikubwa cha chuma na mbao kisicho na sakafu. Huteremshwa mtoni mdomo wake ukielekea chini. Hewa husukumwa ndani kwa mashine hadi iyazuie maji kuingia, kama glasi iliyofunikwa na kuzamishwa ndani ya ndoo. Wafanyakazi huingia kupitia chumba kidogo chenye milango miwili, ambapo mlango mmoja hufungwa kabla ya mwingine kufunguliwa ili hewa isitoroke. Wakiwa ndani, huchimba mchanga chini ya miguu yao. Wakati huohuo, juu ya paa la kasha mafundi huendelea kujenga nguzo ya mawe. Uzito wa mawe unalizamisha kasha, na uchimbaji unalifungulia njia. Kasha likifika kwenye mwamba, chumba chenyewe hujazwa zege na kubaki kuwa sehemu ya msingi.

Eads aliongeza ubunifu wake mwenyewe: pampu ya mchanga iliyotumia maji yanayorushwa kwa nguvu kuinua mchanga na kokoto kutoka ndani ya kasha hadi nje ya mto.

Kasha la nguzo ya mashariki lilianza kuteremshwa Oktoba 1869. Mwishoni mwa Februari 1870 liligusa mwamba, zaidi ya mita 28 chini ya uso wa maji. Egemeo la mashariki, lililojengwa baadaye, lilishuka mpaka takriban mita 41 chini ya kiwango cha maji ya mafuriko. Hakuna aliyekuwa amefanya kazi ya namna hiyo kwa kina kama hicho nchini Marekani.

Ugonjwa uliowangoja juu ya ngazi

Mwanzoni kazi ndani ya kasha ilionekana kuwa ya ajabu tu. Sauti za watu zilibadilika. Mishumaa iliwaka upesi kuliko kawaida. Lakini kasha liliposhuka zaidi, wafanyakazi waliomaliza zamu walianza kulalamika kwa maumivu ya tumbo, magoti na mgongo. Wengine walitembea wakiwa wamejikunja. Wenzao waliwatania kwa mwendo huo, na utani huo ukaishia kuwa jina la ugonjwa katika lugha yao.

Machi 1870 mzaha uliisha. Wafanyakazi walianza kufa, baadhi muda mfupi tu baada ya kutoka kwenye kasha. Kufikia mwisho wa ujenzi wa misingi, zaidi ya watu kumi walikuwa wamefariki kwa ugonjwa huo, wengine wakabaki na ulemavu, na makumi waliugua vibaya.

Sababu yake leo inajulikana. Mtu akipumua hewa yenye shinikizo kubwa, sehemu kubwa ya hewa hiyo, hasa naitrojeni, huyeyuka ndani ya damu na mwili wake. Kwenye kina cha nguzo ya mashariki, shinikizo lilikuwa takriban mara nne ya lile la kawaida. Akitoka polepole, naitrojeni hutoka kidogo kidogo kwa pumzi. Akitoka haraka, hufanya kama chupa ya soda inayofunguliwa ghafla: viputo hutokea, na viputo hivyo vikiwa ndani ya mishipa, viungo na uti wa mgongo huleta maumivu, kupooza au kifo. Maelezo hayo yalithibitishwa na mwanasayansi Mfaransa, Paul Bert, mwaka 1878, miaka minne baada ya daraja kufunguliwa.

Wakati wa ujenzi, aliyekuwa akitafuta jibu ni Alphonse Jaminet, daktari wa Eads. Siku moja alikaa kwenye kasha kwa zaidi ya saa mbili, kisha akatoka kwenye shinikizo kwa dakika chache tu. Alipofika nyumbani alipooza, na kwa muda alidhani angekufa. Alipopona, aliandika kwa makini yaliyompata na kuwachunguza wagonjwa wengine. Zamu zilifupishwa mara kadhaa, hadi kufikia saa moja. Wafanyakazi walitakiwa kupumzika kati ya zamu, wakapewa mahali pa kutibiwa karibu na kazi, na chakula chao kikaangaliwa. Kwenye egemeo la mashariki, ingawa lilikuwa na kina kirefu zaidi, iliwekwa lifti ili watu wasipande ngazi ndefu wakiwa wamechoka. Vifo vilipungua sana.

Hatua hizo zilikuja baada ya watu kufa. Wengi wa marehemu walikuwa vibarua waliovutwa na mshahara uliokuwa mzuri kuliko kazi nyingine za mjini. Kila mzamiaji anayefundishwa leo kupanda polepole kutoka baharini ananufaika na somo ambalo wao walililipia.

Chuma kilichopimwa kipande kwa kipande

Eads aliamua matao yatumie chuma cha pua badala ya aina za chuma zilizozoeleka. Chuma cha kumimina kwenye kalibu kinastahimili kukandamizwa lakini huvunjika kikivutwa au kugongwa. Chuma cha kufua kinavumilia kuvutwa lakini ni laini zaidi. Chuma cha pua kinaunganisha nguvu zote mbili, ila wakati huo viwanda vilikuwa bado vinajifunza kukitengeneza kwa wingi na kwa ubora usiobadilika.

Kila tao lilitengenezwa kwa mbavu nne. Kila ubavu una mirija miwili, mmoja juu na mmoja chini, iliyoachana kwa takriban mita 3.6 na kushikanishwa kwa vyuma vya mshazari. Mrija wenyewe una kipenyo cha sentimita 46 hivi. Ndani yake mna vipande sita virefu vya chuma cha pua vilivyochanganywa na kromiamu, vikiwa vimepangwa kwa duara kama mbao za pipa, na nje vimefungwa kwa bamba jembamba. Mpango huo ulikuwa na sababu ya muda mrefu. Kipande kimoja kikiharibika, kingeweza kutolewa na kubadilishwa bila kulibomoa daraja wala kusimamisha usafiri.

Kampuni iliyopewa kandarasi ya sehemu ya juu ilikuwa Keystone, ambayo Andrew Carnegie alikuwa mmoja wa wenyewe. Malumbano yalianza mapema. Eads alidai chuma kisipokelewe kwa sifa za kiwanda bali kwa kipimo. Flad alibuni mashine ya kuvuta na kukandamiza vipande ili kuona ni nguvu kiasi gani kila kimoja kingevumilia kabla ya kupoteza umbo lake. Vipande vingi vilikataliwa na kurudishwa. Wauzaji walilalamika kwamba masharti yalikuwa makali mno na kwamba kazi ilikuwa ikichelewa. Malalamiko hayo yalikuwa ya kweli: kazi ilichelewa na gharama ilipanda. Lakini chuma kilichopita kwenye kipimo ndicho kilichobaki mtoni mpaka leo.

Matao yaliyokutana hewani

Kwa kawaida, tao hujengwa juu ya jukwaa la mbao linalolishikilia mpaka lifungwe. Jukwaa la namna hiyo lingeuziba mto na kusimamisha meli. Badala yake, wajenzi walianza kutoka kila nguzo na kusonga mbele hewani pande zote mbili kwa pamoja, ili uzito wa upande mmoja ulingane na wa mwingine. Nyaya nene zilizopita juu ya minara ya mbao iliyosimama kwenye nguzo zilizishikilia nusu za tao zisianguke. Meli ziliendelea kupita chini.

Septemba 1873, nusu mbili za tao la kwanza zilikaribiana. Hapo likatokea tatizo la joto. Chuma hurefuka kinapopata joto, na jua la siku hizo lilikuwa kali kiasi kwamba nafasi iliyobaki katikati haikutosha kuingiza mirija ya mwisho. Wajenzi waliifunika mirija kwa magunia na kuijaza barafu mchana na usiku ili ijikunje. Haikutosha.

Eads hakuwa hapo. Alikuwa London akishughulikia mkopo uliokuwa na sharti kwamba tao liwe limefungwa kufikia tarehe iliyokuwa imebaki siku chache tu. Kabla ya kuondoka alikuwa ameacha mpango wa pili: mirija ya mwisho iliyokatwa katikati na kuunganishwa kwa skrubu kubwa, ambayo ingeweza kufupishwa kwa kuizungusha, ikaingizwa, kisha ikarefushwa mpaka ibane. Wasaidizi wake waliiacha barafu na kuutumia mpango huo. Usiku wa Septemba 17, tao lilifungwa, na habari ikapelekwa London kwa simu ya maandishi.

Jaribio la mwisho la kulizuia daraja

Wakati huohuo wenye meli za mvuke hawakuwa wamekata tamaa. Mwaka 1873 walipeleka malalamiko kwa Waziri wa Vita wa Marekani, wakidai kwamba mabomba ya moshi ya meli zao yangegonga daraja. Kamati ya wahandisi wa jeshi iliyoundwa kuchunguza ilikubaliana nao, na ikapendekeza uchimbwe mfereji wa kulizunguka daraja lililokuwa karibu kukamilika.

Eads alikwenda Washington kuonana na Rais Ulysses S. Grant, ambaye aliwahi kuishi St. Louis. Hoja yake ilikuwa kwamba daraja limefuata sheria iliyopitishwa na Bunge, na wawekezaji wametoa fedha zao kwa kuitegemea sheria hiyo. Grant alimwagiza waziri aliache jambo hilo. Daraja likaendelea.

Ndovu mmoja na vichwa 14 vya treni

Juni 1874, kabla ya ufunguzi, ndovu aliongozwa kuvuka daraja. Wakati huo watu wengi waliamini kuwa ndovu hawezi kukanyaga mahali pasipo imara. Umati ulishangilia alipovuka bila kusita.

Jaribio la wahandisi lilikuwa Julai 2. Vichwa 14 vya treni, vikiwa vimejazwa makaa na maji, vilipelekwa juu ya daraja katika makundi mawili ya vichwa saba. Vilitembezwa pamoja na kusimamishwa juu ya kila tao, huku vipimo vikichukuliwa kuona tao limebonyea kiasi gani. Siku mbili baadaye daraja likafunguliwa rasmi kwa gwaride refu lililojaza barabara za mji.

Daraja imara, kampuni iliyofilisika

Sherehe hazikulipa madeni. Gharama yote, ikiwemo tuneli ya reli iliyochimbwa chini ya mji, ardhi na riba za mikopo, ilikaribia dola milioni 10. Kampuni ilitegemea ada kutoka kwa treni na magari ya farasi. Lakini kampuni za reli hazikuwa tayari kulitumia daraja mara moja, kituo kikuu cha treni hakikuwa kimekamilika ulipofika wakati wa ufunguzi, na feri ziliendelea kushindana kwa bei. Mwaka 1875 kampuni ya daraja ilishindwa kulipa. Mwaka 1878 daraja liliuzwa kwenye mnada kwa dola milioni 2.

Funzo la hapo halihusu uhandisi. Nguzo zilikuwa kwenye mwamba, lakini mpango wa mapato haukuwa. Daraja bila barabara za kuingia, vituo na makubaliano na watakaolitumia ni nusu ya mradi.

Hata hivyo, daraja lilibaki kwa ajili ya watu. Julai 1917, machafuko ya ubaguzi wa rangi yalipozuka East St. Louis upande wa pili wa mto, na watu weusi wakauawa na nyumba zao kuchomwa, maelfu walikimbia kuvuka mto kwenda St. Louis. Wengi wao walipita juu ya Daraja la Eads wakiwa na mizigo waliyoweza kubeba.

Daraja leo

Eads alifariki mwaka 1887. Daraja lilipewa hadhi ya alama ya kihistoria ya taifa mwaka 1964. Treni za abiria za masafa marefu ziliacha kulitumia mwaka 1974. Mwaka 1989 serikali ya mji ilichukua umiliki wake kwa kubadilishana na daraja lingine. Mwaka 1993 treni nyepesi za mjini zilianza kupita kwenye ghorofa ya chini. Ghorofa ya barabara, iliyokuwa imefungwa mwaka 1991 kwa uchakavu, ilifunguliwa tena mwaka 2003 baada ya kujengwa upya. Ukarabati mwingine mkubwa wa chuma, rangi na mawe ulikamilika mwaka 2016.

Kwa hiyo daraja hilo halikudumu kwa sababu lilijengwa vizuri mara moja tu. Limedumu kwa sababu lilijengwa vizuri, kisha likaendelea kukaguliwa, kupakwa rangi na kurekebishwa na kizazi baada ya kizazi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwenye daraja ukuta huo ni ghali mno.

Mambo ya mkazi kuzingatia

Katiba ya Kenya ya 2010, kupitia Jedwali la Nne, inazipa kaunti jukumu la barabara za kaunti, huku barabara kuu za kitaifa zikisimamiwa na serikali ya kitaifa kupitia mamlaka zake. Daraja linapopendekezwa au kuharibika, ni vyema kwanza kujua liko chini ya nani, ili ombi lifike panapostahili.

Vikao vya ushirikishaji wa umma kuhusu bajeti na mipango ya maendeleo viko wazi kwa kila mkazi. Daraja linapojadiliwa, maswali haya yanafaa kuulizwa: Je, udongo wa chini umepimwa, na msingi utafika wapi? Mto ulifika kimo gani katika mafuriko makubwa ambayo wazee wa eneo wanayakumbuka? Nani atapima ubora wa chuma na zege kabla ya kutumika? Barabara za kuingia na kutoka zimo kwenye bajeti hiyohiyo? Fedha za ukaguzi na matengenezo zimetengwa kwa miaka ijayo?

Kumbukumbu za wakazi kuhusu mto ni ushahidi wenye thamani. Eads aliujua Mississippi kwa sababu alikanyaga sakafu yake. Mvuvi, mfugaji au mkulima wa ukingoni anayejua mto uliwahi kuhama wapi anapaswa kusema hayo kwenye kikao, na yaandikwe.

Wanaofanya kazi kwenye ujenzi, wakiwemo vibarua wa siku moja, wanalindwa na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007. Mwajiri anatakiwa kuwapa mafunzo na vifaa vya kujikinga bila kuwatoza gharama. Maumivu au ajali kazini iripotiwe siku hiyohiyo, isifanyiwe mzaha.

Mwisho, vyuma vya pembeni mwa daraja, boliti na alama za barabarani si vyuma chakavu. Kila boliti inayong'olewa na kuuzwa inamwacha dereva wa usiku bila kinga. Anayeona nyufa, nguzo iliyochimbuliwa na maji au vyuma vilivyong'olewa anaombwa kumjulisha msimamizi wa wadi, chifu au kituo cha polisi kilicho karibu bila kungoja mvua zinazofuata.